Ndevu za Mwanamke: Maswali Mawili Yanayochanganywa Kuwa Moja

Nywele nene zinapoota kidevuni au juu ya mdomo wa mwanamke, huja na maswali mawili, lakini kwa kawaida hujibiwa moja tu. Linalojibiwa ni la namna ya kuziondoa: wembe, uzi, krimu, waksi, leza. Linaloachwa ni la sababu yake, na linaachwa kwa aibu. Mwanamke huamka kabla ya wenzake, hujifungia bafuni, humaliza kazi yake kimyakimya, na siku akienda kwa daktari kwa shida nyingine uso wake ni msafi, daktari haoni kitu na yeye hasemi kitu. Miaka inaweza kupita hivyo, mwili ukitoa taarifa ileile kila asubuhi, na kila asubuhi ikifutwa kabla haijasomwa.

Kosa lipo upande wa pili pia. Wapo wahudumu wa afya ambao wakielezwa habari za ndevu hujibu kwamba hilo ni suala la urembo, halistahili kuchukua muda wa zahanati. Si kweli. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2006, uliohusisha wanawake 88 wenye tatizo hili, ulionyesha kwamba walitumia wastani wa dakika 104 kwa wiki kushughulikia nywele za usoni, na robo tatu yao walikuwa na wasiwasi wa kiwango ambacho daktari angekiona kuwa cha ugonjwa. Mtu anayebeba mzigo wa namna hiyo anahitaji kusikilizwa.

Kwa hiyo nitayatenganisha maswali hayo mawili, nianze na lile linaloachwa.

Malaika yanavyogeuka ndevu

Uso wa kila mwanamke una nywele. Nyingi ni malaika, yaani zile nyembamba, fupi, ambazo huonekana tu mtu akisogea karibu au akisimama kwenye mwanga wa pembeni. Kila unywele huota ndani ya kinyweleo, kijifuko kidogo kilichozama kwenye ngozi, na vinyweleo vyetu vyote tunazaliwa navyo. Kidevu cha mwanamke hakina vinyweleo vichache kuliko cha mwanamume, idadi inakaribiana. Kinachotofautiana ni amri ambayo vinyweleo hivyo vinapokea.

Amri hiyo hutolewa na homoni za kundi la androjeni, na inayojulikana zaidi kati yao ni testosteroni. Tumezoea kuiita homoni ya kiume, na wanawake wengi hushtuka wakiiona kwenye majibu yao ya maabara. Lakini kila mwanamke anayo. Ovari huitengeneza, tezi za adrenali zilizo juu ya figo huchangia, na bila homoni za kundi hilo msichana anayebalehe asingeota nywele za kwapani wala za sehemu za siri. Testosteroni ikifika kwenye ngozi, kimeng'enya kilicho humohumo huigeuza kuwa homoni yenye nguvu zaidi iitwayo dihidrotestosteroni. Kinyweleo cha kidevuni kikipata homoni hiyo ya kutosha kwa muda wa kutosha hupanuka, na laika lililokuwa likiota humo huanza kutoka nene, jeusi na gumu. Ajabu ni kwamba homoni hiyohiyo ikifika utosini hufanya kinyume: hudhoofisha vinyweleo, na nywele za kichwani hupungua. Ndiyo maana mwanamke mmoja anaweza kulalamikia ndevu zinazoongezeka na utosi unaoonekana, akadhani ana magonjwa mawili.

Sasa, kuna mambo matatu yanayoamua kama laika litageuka au la. Kwanza ni kiasi cha androjeni ambacho mwili unatengeneza. Pili ni kiasi kilicho huru. Testosteroni nyingi iliyo kwenye damu huwa imeshikwa na protini, hasa ile inayotengenezwa na ini na kujulikana kwa kifupi kama SHBG, na ikishikwa haifanyi kazi. Asilimia 1 au 2 tu ndiyo huzunguka ikiwa huru. Protini hiyo ikipungua, testosteroni huru huongezeka hata kama jumla yake haijabadilika. Tatu ni wepesi wa kinyweleo chenyewe kuitika amri, na wepesi huo hurithiwa.

Ukiyaelewa hayo matatu, mengi yaliyokuwa mafumbo yanafumbuka. Mwanamke anaweza kuwa na ndevu dhahiri huku hedhi yake ikija kwa mpangilio na vipimo vyake vyote vya homoni vikiwa sawa. Wa namna hiyo ni kati ya asilimia 5 na 20 ya wanawake wote wanaoota nywele nene mahali ambapo wanaume huziota, na inaaminika kwamba ngozi yao ndiyo inayoitika kwa nguvu homoni ya kiwango cha kawaida. Mwingine, hasa kati ya wanawake wenye asili ya Asia ya Mashariki, anaweza kuwa na androjeni nyingi na uso usio na kitu. Wingi wa ndevu haupimi wingi wa homoni. Ninalisisitiza hili kwa sababu wengi hujipima wenyewe kwenye kioo: nywele tatu, basi niko salama, nywele nyingi, basi nina ugonjwa mkubwa. Hukumu zote mbili zinaweza kuwa na makosa.

Insulini inaingiaje hapa

Mwaka 1921 madaktari wawili wa Kifaransa, Achard na Thiers, walieleza hali waliyoiita kisukari cha wanawake wenye ndevu. Mwaka 1935 huko Chicago, madaktari Stein na Leventhal wakaeleza habari za wanawake saba waliokuwa na ovari kubwa zenye vifuko vingi na hedhi zilizopotea, baadhi yao wakiwa na nywele nyingi mwilini. Ilichukua miongo mingi kugundua kwamba wale wa Ufaransa na hawa wa Marekani walikuwa wameshika ncha mbili za kamba moja. Leo hali hiyo, sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, inajulikana sana kwa kifupi chake cha Kiingereza, PCOS, na ndiyo chanzo cha takribani asilimia 70 hadi 80 ya nywele za aina hii kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kamba yenyewe ni insulini. Mwili unapokuwa mzito kuiitika, kongosho hutoa zaidi ili sukari iendelee kuingia kwenye seli. Insulini hiyo iliyozidi hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huzichochea ovari zitengeneze androjeni nyingi, na hulifanya ini lipunguze ile protini inayoshika testosteroni. Homoni inaongezeka, na iliyo huru inaongezeka zaidi. Androjeni nazo huzuia mayai kukomaa, hedhi ikachelewa au ikakosekana kabisa. Vile vifuko vinavyoonekana kwenye ultrasaundi, ambavyo vimewaogopesha wanawake wengi wakidhani wana uvimbe unaohitaji kukatwa, ni mayai machanga yaliyoanza kukua yakaishia njiani.

Ili kusema mwanamke mzima ana PCOS, daktari hutafuta angalau mawili kati ya haya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za androjeni nyingi mwilini au kwenye damu, na ovari zenye vifuko vingi, na kabla ya kuthibitisha huhakikisha hakuna ugonjwa mwingine unaofanana nayo. Kuna wanene wanaoipata na kuna wembamba, kwa hiyo umbo la mtu lisimnyime kipimo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wanawake walio nayo duniani hawajui kama wanayo.

Takwimu hiyo ndiyo inayonifanya nishikilie kwamba ndevu zichunguzwe sababu, hata kama mtu ananyoa kila siku. PCOS huongeza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu, huleta ugumu wa kushika mimba, na kwa mwanamke anayekaa miezi mingi bila hedhi, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hujengeka bila kutoka, jambo ambalo kwa miaka linaweza kuzaa saratani ya ukuta huo. Mengi ya hayo yanazuilika yakijulikana mapema. Kabla hata ya maabara, kuna swali moja ambalo kila mwanamke anaweza kujiuliza nyumbani: hedhi yangu huja baada ya siku ngapi? Ikiwa huzidi siku 35, au huja chini ya mara nane kwa mwaka, na kidevuni kuna nywele nene, hiyo ni sababu tosha ya kwenda hospitali.

Sababu nyingine nazitaja kwa ufupi, isipokuwa mbili. Umri wa kukoma hedhi huleta nywele za kidevuni kwa wengi kwa sababu estrojeni, homoni ya kike, hushuka haraka huku androjeni zikishuka polepole. Hiyo ni kawaida ya mwili. Kuna hitilafu ya kurithi ya tezi za adrenali ambayo hufanana sana na PCOS na hugunduliwa kwa kipimo chake maalumu cha damu. Dawa nazo huchangia: homoni za kujenga misuli, danazoli, na valproati inayotumika kwa kifafa.

Ya kwanza ninayotaka kukaa nayo ni krimu. Krimu zenye steroidi kali kama klobetasoli, zinazotumiwa na wengi kung'arisha uso bila kuandikiwa na daktari, zinaweza kuotesha nywele pale zinapopakwa. Mwanamke hupaka, uso unang'aa, baada ya miezi anaona nywele mashavuni, anaanza kunyoa, ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba inachubuka, naye anapaka zaidi ili kuficha michubuko. Kuiacha ghafla baada ya muda mrefu kunaweza kuufanya uso uvimbe, uwashe na kutoa vipele, kwa hiyo ni vizuri kuiacha chini ya uangalizi wa daktari wa ngozi. Lakini iachwe.

Ya pili ni kasi. Ndevu za PCOS huanza karibu na balehe na kuongezeka polepole kwa miaka. Zikijitokeza ghafla na kujaa ndani ya wiki au miezi michache, tena zikiambatana na sauti kuwa nzito, upara wa pembeni mwa paji, misuli kukua, kinembe kuongezeka ukubwa au hedhi kukatika ghafla, daktari lazima atafute uvimbe kwenye ovari au kwenye tezi za adrenali. Uvimbe huo ni nadra sana, lakini hausubiri, na mwanamke asiufiche kwa sababu kinembe ni neno gumu kulitamka mbele ya mgeni.

Daktari anachopima

Mwaka 1961 watafiti Ferriman na Gallwey walitunga njia ya kuzipa nywele za mwanamke alama. Inayotumika siku hizi hutazama sehemu tisa za mwili, kuanzia juu ya mdomo na kidevu hadi kifua, tumbo, mgongo na mapaja, kila moja ikipewa alama 0 hadi 4. Kwa wanawake weusi na weupe wa Marekani na Uingereza, jumla ya 8 au zaidi huhesabiwa kuwa imevuka kawaida. Kwa wenye asili ya Asia ya Mashariki kiwango huwa chini ya hapo. Njia hii ina kasoro iliyo wazi: mwanamke mwenye kidevu kilichojaa ndevu na sehemu nyingine zote zikiwa safi hupata alama 4, akaambiwa hana tatizo. Madaktari waangalifu siku hizi huyachukua malalamiko ya mgonjwa mwenyewe kuwa sehemu ya kipimo.

Kasoro nyingine ni kwamba aliyenyoa asubuhi hupata sifuri. Ukiweza, piga picha kabla ya kunyoa, kwa mwanga mzuri, uende nazo. Vipimo vya damu navyo vina masharti yake: testosteroni hupimwa vizuri zaidi asubuhi, na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango mwambie daktari, kwa sababu vidonge hivyo hubadilisha majibu. Ndiyo maana inafaa kupima kabla ya kuanza dawa yoyote ya homoni. Pamoja na testosteroni na SHBG, tegemea kupimwa sukari, tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa.

Namna ya kuziondoa

Nianze na wembe, kwa sababu umesingiziwa kuliko vifaa vyote. Inasemwa kila mahali kwamba ukinyoa mara moja, zitaota nene na nyingi. Mwaka 1928 mwanaanatomia Mildred Trotter wa Marekani alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya jambo hilo, akaona kunyoa hakubadilishi unene, rangi wala kasi ya kuota, na tafiti za baadaye zilikubaliana naye. Sababu yake inaeleweka. Sehemu ya unywele iliyo juu ya ngozi imekufa. Wembe hauna namna ya kupeleka habari kwenye mzizi. Ncha ya asili ya unywele ni nyembamba, ya uliokatwa ni butu, kwa hiyo kidole hukutana na kitu kigumu. Juu ya hayo, wanawake wengi huanza kunyoa wakati uleule ambao homoni zinaendelea kugeuza malaika, na nywele zinazoongezeka kwa sababu ya homoni hulaumiwa wembe.

Kwa uso wenye nywele za kipilipili na ngozi nyeusi, nitasema wazi: wembe, ukitumiwa vizuri, mara nyingi huumiza kidogo kuliko kung'oa. Nywele iliyojikunja ikikatwa chini ya usawa wa ngozi, au ikikatikia ndani wakati wa kung'olewa kwa kibano, uzi au waksi, ikianza kurudi hupinda na kuchoma ngozi kutoka ndani. Hapo hutokea vipele vigumu, usaha, kisha madoa meusi yanayobaki miezi baada ya kipele kupona. Wanawake wengi waliokuja kulalamikia madoa ya kidevuni walianza na nywele chache tu. Madoa yaliletwa na kibano. Ukinyoa, lainisha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, tumia wembe safi wenye makali, fuata upande nywele zinakolala, usivute ngozi, usirudie mahali pamoja mara nyingi. Mashine ndogo inayoacha unywele mfupi kidogo juu ya ngozi ni bora zaidi kwa mwenye vipele. Na aliye na historia ya makovu yanayovimba asikubali kung'olewa wala kuchomwa sindano ya umeme kidevuni kabla ya kuzungumza na daktari wa ngozi.

Waksi na uzi vinawafaa wale ambao nywele zao zimenyooka na ngozi yao haivimbi, kwa kuwa uso hukaa safi wiki kadhaa. Anayetumia dawa za chunusi kama krimu ya tretinoini au vidonge vya isotretinoini asipakwe waksi, ngozi yake itabanduka. Krimu za kuyeyushia nywele hufanya kazi kwa kuvunja viungo vya protini inayoupa unywele ugumu wake. Ngozi nayo ina protini hiyohiyo, kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye boksi zisizidishwe, na krimu ya miguu isipakwe usoni. Kupausha nywele hufaa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi nywele za rangi ya dhahabu huonekana kuliko nyeusi.

Kuna krimu moja yenye historia ninayoipenda na inayonisikitisha pamoja. Eflonithini ilianza kama jaribio la dawa ya saratani, ikaonekana kuwa na nguvu dhidi ya malale, ugonjwa wa kulala unaoenezwa na mbung'o, na mwaka 1990 ikaidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo. Iliwaamsha wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa. Lakini wagonjwa wa malale ni maskini, na mwaka 1995 uzalishaji ulisimama. Kisha ikagundulika kwamba dawa hiyohiyo, ikipakwa usoni, huzuia kimeng'enya ambacho kinyweleo hukihitaji ili unywele ukue, na mwaka 2000 ikaidhinishwa kama krimu ya asilimia 13.9 kwa nywele za usoni za wanawake. Mwaka 2001, baada ya shinikizo la madaktari na mashirika, dawa ya malale ilianza kutengenezwa tena na kutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Krimu yenyewe haiondoi nywele, huzichelewesha. Matokeo huonekana baada ya wiki 4 hadi 8, mtu huendelea kunyoa huku akipaka, na akiacha, hali hurudi ilivyokuwa ndani ya takribani wiki 8.

Leza na sindano ya umeme

Ahadi ya kuondoa nywele moja kwa moja imewahi kugharimu maisha ya wanawake. Katika miaka ya 1920 huko Marekani walikalishwa mbele ya mashine za eksirei zilizodondosha ndevu bila maumivu yoyote. Miaka baadaye wakapata makunyanzi, vidonda visivyopona na saratani za ngozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikauzwa krimu iitwayo Koremlu iliyokuwa na thaliamu, sumu ya kuulia panya, ikawapa watumiaji maumivu ya neva, upofu na kupooza. Nayataja haya kwa sababu waliodhurika walikuwa wakificha tiba yao kama walivyoficha ndevu zao, na ukimya huo uliwapa wauzaji muda.

Leza si hatari ya aina hiyo, lakini ina sharti ambalo mwenye ngozi nyeusi lazima alijue kuliko anayemhudumia. Kanuni yake ilielezwa na madaktari Anderson na Parrish mwaka 1983: mwanga wa aina fulani humezwa na melanini, rangi nyeusi ya unywele, ukageuka joto linalounguza mzizi. Shida ni kwamba melanini ipo kwenye ngozi pia. Kwenye ngozi nyeusi, mwanga wa leza za alexandrite, wenye urefu wa nanomita 755, unaweza kumezwa juujuu kabla ya kufika kwenye mzizi, na matokeo yake ni malengelenge, madoa meusi au mabaka meupe usoni. Leza iitwayo Nd:YAG, ya nanomita 1064, huzama zaidi na humezwa kidogo na melanini, na ndiyo iliyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Kwa hiyo kabla ya kulala kitandani uliza: mashine hii ni ya aina gani, umewahi kuhudumia ngozi kama yangu mara ngapi, na je, utajaribu kwanza sehemu ndogo na kusubiri? Asiyeweza kujibu la kwanza, ondoka. Vifaa vya mwanga vya kutumia nyumbani, vingi maelekezo yake yenyewe huwakataza wenye ngozi nyeusi, yasomwe.

Leza hupiga kwa nguvu zile nywele zilizo katika kipindi cha kukua tu, kwa hiyo inahitajika mara sita au zaidi, kwa wiki kadhaa kati ya moja na nyingine. Kabla ya kila mara nyoa, using'oe, maana isipokuwepo nywele kwenye mzizi mwanga hauna cha kushika. Mvi haziitikii kabisa. Na kuna tukio lisilozungumzwa vya kutosha na wanaouza huduma hii: kwa baadhi ya wanawake, hasa usoni na shingoni, na hasa wenye hitilafu ya homoni, leza huamsha malaika ya jirani yakawa nywele nene. Nywele zikianza kuongezeka pembezoni mwa sehemu iliyopigwa, simamisha.

Njia ya zamani kuliko zote hizi ndiyo pekee ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inaruhusu iitwe ya kuondoa nywele moja kwa moja. Leza inaruhusiwa kudai kupunguza tu. Njia hiyo ya zamani ni elektrolisisi, yaani sindano ya umeme. Mwaka 1875 daktari wa macho Charles Michel wa St. Louis aliitumia kuondoa kope zilizokuwa zikichoma macho ya wagonjwa. Sindano nyembamba huingizwa kwenye kinyweleo, umeme kidogo hupitishwa, mzizi hufa. Haijali rangi ya ngozi wala ya unywele, hata mvi. Ubaya wake ni polepole: unywele mmojammoja, miezi hadi miaka kwa kidevu kilichojaa, na inauma. Kwa mwanamke mwenye nywele kumi au ishirini ngumu, hasa aliyekwisha kukoma hedhi, naiona kuwa chaguo zuri kuliko leza.

Dawa za ndani na subira

Laika likishageuka unywele mnene, kupunguza homoni hakulirudishi haraka. Kinyweleo hufuata mzunguko wake, kwa hiyo dawa hupimwa baada ya angalau miezi 6. Wengi huacha mwezi wa pili wakidhani wametapeliwa. Dawa hukata chanzo, njia za kuondoa hushughulikia zilizokwisha kuota, na zote mbili hufanya kazi vizuri zikienda pamoja. Ukipiga leza bila kugusa homoni, vinyweleo vingine vitaitika amri ileile.

Kwa asiyetafuta mimba, madaktari wengi huanza na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, ambavyo hupunguza androjeni za ovari na kuongeza SHBG. Havimfai mvutaji sigara aliyezidi miaka 35, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mwenye historia ya damu kuganda, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mimweko machoni. Visipotosha baada ya miezi 6, huongezwa spironolaktoni, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya presha ambayo pia huzuia androjeni zisishike kinyweleo. Hii haitumiwi bila uzazi wa mpango wa uhakika, kwa sababu inaweza kuvuruga viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume tumboni. Metformini, dawa ya kisukari, husaidia insulini na wakati mwingine hedhi. Kwa ndevu zenyewe ni dhaifu. Kupunguza uzito kwa mwenye uzito uliozidi kunaweza kurudisha hedhi, lakini asiahidiwe kwamba kidevu kitasafika. Chai ya mnanaa imeshusha testosteroni kwenye majaribio madogo, ila katika siku 30 za jaribio moja, daktari aliyehesabu nywele hakuona tofauti. Anayetaka mimba huacha dawa hizi kwa mpango wa daktari, na wembe unabaki kuwa salama kipindi chote cha ujauzito.

Kuna pia jibu la kutoziondoa. Harnaam Kaur wa Uingereza, mwenye PCOS, aliacha kunyoa akiwa kijana baada ya miaka ya kuchekwa shuleni, na mwaka 2015 Guinness World Records ilimtambua kuwa mwanamke mdogo zaidi kiumri mwenye ndevu kamili. Uamuzi wake ni halali kama wa anayenyoa kila siku. Aliyeamua kuziacha naye anastahili kupimwa sukari na kufuatiliwa hedhi yake, kwa sababu uamuzi kuhusu nywele haubadilishi kinachoendelea ndani.

Na wanaohitaji kusemeshwa mapema kuliko wote ni wasichana. Miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, hedhi isiyo na mpangilio ni kawaida, kwa hiyo daktari hatakiwi kuharakisha kumbandika binti jina la PCOS; ultrasaundi nayo haitegemewi katika umri huo. Lakini binti ambaye mwaka umeshapita tangu avunje ungo na bado anapitisha siku 90 bila hedhi, au aliyefika miaka 15 bila kuiona kabisa, apelekwe akachunguzwe, hata kama hana ndevu. Mama akigundua wembe umefichwa chini ya nguo za bintiye, aanze kwa kumuuliza habari za hedhi, kwa sauti ya kawaida, na amwonyeshe namna ya kunyoa bila kujikata.